Bodi Haikai kwenye Chasisi

3 Februari

Mdogo wangu,

Mzima wewe? Mimi ni mzima wa kuazima. Wifi yako anakusalimu, na mgongo wangu unakusalimu pia, maana basi la shule bado lina kile kiti kilichochoka kuliko dereva wake.

Bodi hiyo hapo kwenye boksi. Ifungue polepole, rangi imekauka lakini mimi bado sijaiamini. Seti hii ya gari dogo la plastiki imenitoa jasho mpaka nikafikiria kuirudisha dukani nimwambie mwenye duka aiunganishe yeye. Tuanze na paa. Kwenye picha ya boksi gari limelala vizuri, sawasawa na ile teksi ya baba. Ukitoa vipande kwenye fremu na kuvisimamisha, paa limepanda juu utadhani abiria wote ni majitu. Nikakata nguzo zote, nikapunguza unene wa kucha, nikaliunga upya. Grili ya mbele waliyotuwekea ni ya toleo la baadaye, lile la taa za mraba, kwa hiyo nimechonga nyingine kwa kipande cha kitana. Madigadi ya nyuma yamefinywa mpaka tairi linagusa. Hayo yote ni makosa ya kiwandani tuliyoyazoea. Yanachosha, hayashangazi tena.

Lakini upande wa kushoto, mdogo wangu, wenzetu walikuwa wamelala. Mlango wa mbele na wa nyuma haikutani, mstari kati yao unayumba, na ubavu umevimba. Nimepaka puti, nimepiga msasa, nimepaka tena, nimepiga tena. Nikipitisha kidole nasikia kilima. Nikitazama sioni kilima. Mwisho nikaona bora yaishe.

Chasisi ni yako, kama mama alivyoamua siku ile tulipogombania seti moja mpaka tukavunja usukani wake: mkubwa bodi, mdogo chasisi, na asiyeridhika akalale. Ndoa ya bodi na chasisi ifungie hukohuko, zamu ni yako. Ikikataa kukaa, laumu kiwanda, mimi niache.

Muhula umeanza kwa fujo. Wifi yako sasa ndiye mhudumu wa watoto ndani ya basi, yule binti aliyekuwepo ameolewa akahama. Nilimwambia kazi ile inataka mtu mwenye magoti mazima, akasema atajikaza. Basi tunatoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja tukiwa hoi. Kioo cha pembeni cha basi kimevunjwa na nguzo ya lango la shule. Lango lenyewe wamelijenga jembamba, sijui walipima kwa macho.

Kaka yako


17 Februari

Kaka,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana siku hizi nikikaa nalala. Pale kliniki wameongeza wagonjwa bila kuongeza mikono, na meno ya bandia hayajichongi. Kuna bibi mmoja amenirudishia seti yake ya juu mara nyingi mpaka mlinzi anamwita shangazi. Kila akija anasema inamfinya upande mmoja, na mimi kila nikiipima kwenye kalibu naiona iko sawa. Juzi nikamwomba aume taratibu mbele yangu. Kumbe taya lake ndilo limebadilika tangu tulipochukua kipimo. Meno nimeyasingizia bure muda wote huo, na bibi wa watu nimemwona msumbufu.

Sasa gari. Paa umelipatia, sijui mtu atajuaje kwamba lilikatwa. Grili ya kitana imenifanya nicheke peke yangu kama mwehu. Ila bodi imekataa kukaa kwenye chasisi. Upande wa kulia umeingia bila neno, wa kushoto umebaki nje. Nimeona nisikusumbue kukurudishia, nikaikata chasisi upande huo na kuongezea kipande cha plastiki chini ya mlango. Imekaa. Ukiiweka kabatini ubavu wa kulia ukitazama watu, ni gari zuri kuliko yote tuliyowahi kutengeneza.

Ubavu wa kushoto nao nitausema kwa kuwa ni wewe. Puti umeimwaga kama mtu anayeziba tundu la panya. Ulikuwa na usingizi? Pumzika basi, kaka. Msalimie wifi, mwambie na yeye apumzike, ingawa najua nyote wawili hamsikii.

Mdogo wako,
Meno


30 Machi

Meno,

Umeniambia nilikuwa na usingizi, nikameza. Safari hii hutanisingizia. Hii bodi ya kigari cha mizigo nimeifanyia kazi mchana kweupe, siku za Jumapili tu, na wifi yako amenisogezea meza mpaka dirishani. Sasa tazama mwenyewe upande wa kushoto ulivyo.

Makosa mengine siyahesabu. Mlango wa nyuma wameupa bawaba juu, na kila mtu aliyewahi kupakia gunia kwenye gari lile anajua unafunguka kwa pembeni. Nimezihamisha. Sakafu ilikuja imepinda kama ulimi, nikailaza kwenye maji ya moto na kuikandamiza kwa pasi baridi mpaka ikatulia. Kioo cha mbele kilikuwa kipana kuliko nafasi yake, nikakisugua kingo kidogokidogo nikishikilia pumzi. Kazi hizo zimenichosha lakini zimenitii.

Kushoto hakunitii. Nimeifunga bodi kwenye gogo langu la kufanyia kazi, pua mbele, kama ninavyofanya siku zote. Unajua mimi gari siligeuzigeuzi mkononi kama mnavyogeuza meno yenu. Naliweka kama naliendesha, najua kulia ni kulia na kushoto ni kushoto, kisha mikono ndiyo inayosafiri. Nikachora mstari wa mlango kwa rula. Rula ni ya chuma, Meno, rula haina usingizi. Mstari ukatoka umepinda. Nimeanza kuamini kwamba kile kiwanda kina fundi mmoja anayeshughulikia upande wa kushoto peke yake, na ana mambo mazito nyumbani kwake.

Nataka uwaandikie. Wewe una mwandiko mzuri na unajua kusema jambo bila kumtukana mtu. Waambie tumenunua seti zao tangu utoto na siku hizi wanatuletea ubavu mmoja.

Mengine ni ya kawaida. Madereva wote wa shule tumepelekwa kupimwa afya, nimepita. Wifi yako anakohoa kidogo na bado anapanda basi kila siku. Ukimwambia akae nyumbani anajitia hamnazo.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka,

Ile barua ya malalamiko nilianza kuiandika. Nikaona kulalamika bila ushahidi ni domo tupu, nikaenda kununua kigari kingine kilekile, duka lilelile, nikakifungua mezani kwangu nikiwa na kipimo cha kazini kinachoonyesha mpaka unene wa unywele.

Upande wa kushoto uko sawa, kaka. Milango inakutana. Ubavu haujavimba popote. Bawaba zina kosa lile ulilolisema, sakafu imepinda vilevile, kioo ni kipana vilevile. Kila kosa ulilolitaja nimelikuta, isipokuwa hilo moja.

Nikatoa magari yote kabatini nikayapanga mezani kwa mfuatano wa miaka. Ya zamani yana makosa yako ya kawaida, rangi nzito hapa, alama ya kidole pale, kulia na kushoto bila upendeleo. Kuanzia lile jekundu la mwaka juzi, mstari wa kushoto unaanza kulegea. Kwenye lile la mwaka jana umelegea zaidi. Na ni seti za viwanda vitatu mbalimbali. Nimekaa nayatazama mpaka chai ikapoa, na sikutaka kufikiri nilichokuwa nafikiri.

Mtu anayegeuza kazi mkononi, kama mimi, akikosea anakosea kila mahali. Wewe hugeuzi. Kushoto kwa gari ni kushoto kwako siku zote, na puti yote umeimwaga pale ambapo jicho lako halifiki.

Ukimaliza kusoma, funika jicho la kulia kwa kiganja. Tazama mbele bila kugeuza kichwa, kisha niambie unaona nini upande wa kushoto. Halafu nenda hospitali ya macho, siyo kwa yule anayeuza miwani sokoni. Mambo kama haya yakiwahiwa yanasimamishwa, yakiachwa hayarudi nyuma. Hilo nimemuuliza daktari wa ghorofa ya juu pale kazini, bila kutaja jina la mtu, naye anahisi ni presha ya macho.

Kuna lingine. Watoto wanapandia mlango wa kushoto. Siwezi kujifanya silijui.

Nakupenda, kaka. Usinikasirikie kabla hujafunika hilo jicho.

Meno


22 Aprili

Meno,

Nilikutuma uandikie kiwanda. Sikukutuma unipime kama taya la mtu.

Nimefunika. Nilichokiona ni changu na kitabaki kuwa changu. Tangu lini? Tangu zamani kiasi. Kilianza kama ukungu pembeni nikafikiri ni uchovu, na uchovu nilikuwa nao kweli. Kule tulikopimwa afya, mwenzangu aliyenitangulia alisoma zile herufi kwa sauti, nami nikaingia nikaziimba kama alivyoziimba. Nesi alikuwa na foleni ndefu. Nimekuambia, sasa umeridhika?

Naendesha taratibu. Barabara ile naijua, watoto wale nawajua, wengine niliwabeba baba zao. Nitamaliza mwaka huu wa shule kisha nitatafuta namna ya kuondoka kwa heshima, bila watu kusimama dirishani kunitazama. Nikishuka kwenye ule usukani nitashukia wapi? Nyumbani nimekuwa mgeni wa Jumapili maisha yangu yote. Mikono yangu inajua vitu viwili, usukani na hizi bodi, na wewe kwa barua moja umetaka kuniondolea vyote.

Wifi yako asijue. Nakuomba kwa hilo kama kaka yako, na kwa mengine sikuombi kitu. Boksi usitume, sitalifungua.

Kaka


2 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Utashangaa kuona mwandiko huu, maana mimi na kalamu tulishaachana bila ugomvi. Simu nimeiogopa. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani jikoni wanakuambia pole.

Kaka yako ameficha barua yako ndani ya kiatu chake cha sherehe, mahali ambapo anaamini sifagii. Sijaisoma na sitaisoma. Lakini tangu siku hiyo hasemi, anakula shingo upande, na lile gogo lake limewekwa chini ya kitanda. Nimejua umemwambia. Nimeshukuru Mungu, halafu nikalia, kwa sababu nilitaka mtu mwingine aseme ili nisiwe mimi.

Nimejua kwa muda mrefu, wifi. Mtu unayelala naye ukimpa kikombe kwa kushoto akakipiga kumbo mara moja, unafuta chai. Akikipiga mara ya pili na ya tatu, unaanza kumpa kwa kulia bila kusema kitu. Kioo cha basi kilipovunjika pale langoni niliomba ile kazi ya uhudumu. Magoti yangu unayajua. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikasema nimechoka kukaa nyumbani peke yangu, nikadanganya na macho makavu kabisa. Tangu hapo nasimama mlangoni pale mbele, na kila tukitaka kuondoka nasema, kama mtu anayejiongelesha, kushoto kweupe, baba, twende. Au nasema subiri, kuna kaptula imebaki nje. Yeye anacheka, anasema naongea kama kasuku. Watoto nao wananiigiza. Hajui kwamba ananisikiliza kabla ya kuachia breki, au labda anajua na tunaheshimiana.

Nimechoka. Siyo mwili tu. Nikirudi nyumbani jioni nakuta shingo imekakamaa kwa kutazama upande mmoja, na nikilala naota nimesinzia kidogo tu njiani. Sikumwambia kwa sababu ni mwanamume aliyejengwa na sifa moja, kwamba hajawahi kumgusa mtoto wa mtu kwa gari. Nikimwambia nimemvua nguo. Nisipomwambia namtembeza uchi bila yeye kujua. Nimeshindwa kuchagua, nikachagua kusimama mlangoni.

Sasa mama yangu anafanyiwa upasuaji, na mimi ndiye wa kukaa naye. Naondoka Jumapili. Shule imesema kwa siku hizo watoto wakubwa watawaangalia wadogo, hakuna haja ya mtu mwingine. Nimejaribu kumwambia aombe likizo. Amesema, ya nini?

Wewe anakusikia, hata akifoka anakusikia. Mwambie, wifi. Mwambie chochote, na ukilazimika nitaje mimi.

Wifi yako


6 Mei

Kaka,

Nimepiga simu, hupokei. Nimetuma ujumbe, umesoma ukanyamaza kama maji mtungini. Basi barua hii naipa dereva wa gari la vifurushi mkononi, amesema Jumamosi itakuwa mlangoni kwako.

Uliniomba nisimwambie wifi. Sikumwambia. Yeye ndiye aliyeniambia mimi.

Anajua tangu vikombe vya chai. Aliomba kazi ya basi kwa sababu yako. Kila asubuhi anaposema kushoto kweupe, anakuazima jicho lake, na wewe unasema kasuku. Umesema unaendesha taratibu na barabara unaijua. Kaka, hujaendesha peke yako tangu kile kioo kivunjike. Hiyo rekodi yako safi ya mwaka huu ni ya watu wawili, na mmoja wao Jumapili anapanda gari kwenda kumuuguza mama yake.

Siandiki kukuaibisha. Mimi mwenyewe nilizikata chasisi. Bodi zako zilipokataa kukaa nilichukua msumeno nikarekebisha upande wangu ili zako zionekane sawa, nikakuandikia utani kuhusu usingizi. Wifi amefanya hivyohivyo kwa basi zima. Wote tunaokupenda tumekuwa tukikata upande wetu. Plastiki inakatika, sina wasiwasi nayo. Watoto ndio wanaonitia hofu.

Usiendeshe Jumatatu. Sema unaumwa, sema chochote, kisha nenda ukaseme ukweli. Nikifika saa za kazi sijasikia neno kutoka kwako, nitampigia mwalimu mkuu mwenyewe. Utanichukia, nitavumilia. Namba ninayo. Nimeshaipiga mara moja na kukata kabla hawajapokea, kwa hiyo naomba usinijaribu, maana sijui kama nina moyo wa kuipiga tena, na najua lazima niipige.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumamosi kama ulivyosema. Nilijua mwandiko, nikaiweka ndani ya kiatu pamoja na ile nyingine bila kuifungua. Nimeifungua jana. Kwa hiyo utanielewa nikikuambia kwamba Jumatatu niliendesha.

Simu yako ilifika shuleni mimi nikiwa tayari barabarani. Usijilaumu, ulipiga saa zilezile ulizosema. Mwalimu mkuu alikuwa anatafuta namba yangu wakati mimi natafuta yake. Nilipoingia ofisini kwake alikuwa ameandaa maneno ya upole, nikamwomba anyamaze kwanza nimwambie mwenyewe. Nimemwambia habari za herufi, za kioo, zote. Funguo niliziweka mezani kwake. Alinipa mkono. Leo nimetoka hospitali ya macho. Ni presha ya macho, kama daktari wako alivyohisi. La kushoto limekwenda sehemu kubwa na halirudi, la kulia wanasema litashikiliwa kwa dawa nikiwa mtiifu. Nitakuwa mtiifu.

Sasa nikuambie ilivyokuwa, maana nimemweleza kila mtu juujuu.

Kituo cha tatu, pale penye duka la vitabu. Watoto wakapanda, mkubwa mmoja akafunga mlango, nikatazama kushoto nikaona pako wazi. Nikaachia breki. Nilisikia kitu kimegonga upande ule, kishindo kidogo tu, halafu gurudumu la nyuma likapanda juu ya kitu na kushuka.

Nilizima gari. Sikumbuki kushuka. Nakumbuka kuzunguka mbele ya basi nimeshika boneti, na nilizunguka polepole, mdogo wangu, sikutaka kufika upande wa pili.

Alikuwa amesimama kando ya mtaro. Ni wa darasa la kwanza, yule anayechelewa kila siku na soksi moja chini. Mzima. Begi lilikuwa chini ya gurudumu, mkanda wake ulikatika begani alipojivuta nyuma. Alikuwa amekimbia sambamba na basi tangu kwenye kona, akigonga bati kwa kiganja.

Nilipiga magoti palepale. Nilidhani analia, hakuwa analia. Alinitazama tu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa, "Mjomba, nilikuwa nakupungia mkono. Hukuniona?"

Ningeweza kumwambia lolote, umri wake ni wa kuamini. Nilimwambia, "Sikukuona, mwanangu."

Nimelitamka mara ya kwanza pale, kwa mtoto wa watu. Nilimshika mkono tukakaa kwenye ngazi ya basi mpaka dereva mwingine akaja kuwapeleka. Mimi nilirudi shuleni kwa miguu.

Wifi yako anafika kesho jioni, mama yake anaendelea vizuri. Hajui kitu, sijataka kumwambia kwa simu akiwa mbali. Nitampokea kituoni. Nitamweka upande wangu wa kulia ili nimwone vizuri, nitamwambia yote bila kuficha, kisha nitamwambia akalale.

Kaka yako